Mawe mawili

Tukitoka mpirani Kirumba, kitinda mimba wangu akauliza kwa nini timu yetu inaitwa Pamba. Kwake yeye pamba ni nguo kali za kutokea. Nikamwambia ni lile zao jeupe, dhahabu ya Usukuma. Akaridhika, akaomba miwa. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Ghala la kwetu Magu lilijengwa kwa mawe ya kuchonga, kuta nene hata mchana wa Juni ndani palikuwa na baridi. Ukutani majina yalipandiana. Juu Nyanza, chama chetu cha ushirika; chokaa ilipobanduka zikachungulia herufi za Victoria Federation, shirikisho la vyama vya wakulima la 1955, wazee walipochoka kupunjwa kwenye mizani wakaamua kuuza pamba yao wenyewe. Ushirika ukafutwa 1976, ukarudi 1984. Ghala halikusogea hata hatua moja.

Nasimulia 1987. Tulikuwa na magunia matatu, foleni tangu alfajiri. Karani akakunja shati, akazamisha mkono ndani ya gunia la pili hadi kwapani, akipapasa macho yameangalia dari, kama mtu anayemzalisha ng'ombe. Mkono ukatoka na jiwe la ukubwa wa yai. Akalipanga dirishani, palipokuwa na safu ya mengine ya msimu ule.

Lilikuwa langu. Nililiokota mtoni, nikalizika gizani Mama akiwa jikoni, kwa sababu nilijua daftari zangu zitatoka kwenye zile kilo. Nikaomba ardhi ipasuke.

Karani akarudisha mkono. Akatoa la pili, kubwa kuliko langu, limeviringishwa pamba safi likakaa kama kitumba.

"Mayu, na hili nalo limeota?"

Watu wakacheka. Mama hakunigeukia. Alikuwa anachokonoa uchafu kwenye kucha, akachokonoa mpaka kicheko kikaisha. Gunia zima likaandikwa fifi, bei ya pamba chafu, ingawa ilikuwa nyeupe pe. Sikumlaumu karani, nilikuwa nahesabu. Moja langu. Na lile jingine?

Njia nzima Mama aliongelea mvua.

Juzi nikampigia simu, swali nimelishika kabisa mdomoni. Akanitangulia: "Eti huko Mwanza imenyesha?"

Nikamwambia manyunyu tu.