Nilivyonyamazisha mabomba ya tangi langu la samaki

Bomba lililojaa maji halina kelele, na lililojaa hewa nalo halina. Kelele hutoka kwenye bomba lenye vyote viwili, maji yakiporomoka pembeni na hewa ikipigania njia katikati. Nilipolielewa hilo, kazi iliyobaki ilikuwa ya koki na gundi.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Liko sebuleni, hapa Dar es Salaam, limeegemea ukuta wa chumba cha wageni. Ndani nafuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa. Wana rangi za kuvutia, lakini wanakula sana, wanachafua sana, na inabidi uwaweke wengi ili mbabe wao asipate mnyonge mmoja wa kumwandama kutwa. Kichujio cha kuning'iniza hakiwawezi. Kwa hiyo maji yanamwagikia kwenye kisanduku cha kioo kilichojengwa kwenye kona ya tangi, yanashuka kwa bomba hadi tangi la pili kabatini, yanapita kwenye sponji, kisha pampu inayarudisha juu.

Tangi lilikuja na bomba moja la kushushia, lenye tii (kiungo chenye umbo la T) kichwani na kitundu cha hewa, mtindo unaoitwa Durso. Ni mtindo wa kuaminika, halijawahi kufurika. Ila lilikuwa likikoroma usiku kucha. Mama mkwe alipokuja kutusalimia, asubuhi yake aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hicho choo kinachovuja mmeshamwita fundi?"

Nikaamua kuhamia mtindo unaoitwa Herbie, wa mabomba mawili. La kwanza linabeba maji yote na halipitishi hewa hata chembe, kwa sababu chini yake kuna koki inayolibana hadi lijae kabisa. La pili limesimama tupu, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya usawa wa maji kisandukuni. Kazi yake ni kusubiri siku ambayo la kwanza litaziba.

Nilihitaji tundu la pili kwenye kioo cha chini, na hapo ndipo penye hatari. Vioo vya chini vya matangi mengi ya dukani vimeimarishwa kwa joto, na kioo cha namna hiyo ukikigusa na keekee kinasambaratika chote. Kukipima ni rahisi: weka skrini ya kompyuta yenye mwanga mweupe upande mmoja wa kioo, vaa miwani ya jua ya polaroidi, utazame kutoka upande wa pili huku ukigeuza kichwa taratibu. Ukiona mabaka au mistari myeusi, achana nacho. Changu kilikuwa safi. Fundi vioo akazungushia kiduara cha udongo wa kuchezea mahali pa kutoboa, akajaza maji humo, akaishusha keekee ya almasi bila kuikandamiza. Nilitaka kumharakisha, akanizuia kwa mkono: "Dada, hapa mashine ndiyo inayofanya kazi, mimi naishika tu." Kikatoka kipande cha duara kisicho na ufa. Kumbuka kupima uzi wa konekta ya tangi, ile wanayofungia kwenye simtanki, wala si unene wa bomba, maana tundu linafuata konekta.

Mabomba yote mawili ni PVC ya inchi moja. Dukani muuzaji alinishauri nichukue koki ya kawaida ya mkono, ni nafuu. Nikakataa. Koki ile inafunguka na kufunga kwa robo mzunguko, hivyo ukiisogeza kidogo tu umeshapitiliza. Inayotakiwa ni geti valvu, yenye gurudumu la kuzungusha mara nyingi. Nilitafuta ya plastiki. Zile za shaba zimejaa madukani, lakini kamba na konokono hawapatani na shaba, na sitaki kujifungia mlango wa kuwafuga baadaye.

Mdomo wa juu wa bomba la kwanza niliuwekea kona inayotazama chini, ili uzame vya kutosha, maji yasizunguke kwa kasi mdomoni na kuvuta hewa. Mwisho wake wa chini unazama sentimita 2 au 3 tu ndani ya maji ya tangi la kabatini. Ukizamisha sana, hewa iliyonaswa bombani inakosa nguvu ya kujisukuma nje mfumo unapowashwa, na maji yanashindwa kulijaza bomba. Nimeuweka kwenye chumba cha mwanzo cha tangi hilo, ambacho usawa wake unalindwa na kizuizi cha kioo. Maji yanayopotea kwa joto la Dar yanapunguza chumba cha pampu peke yake.

Kurekebisha koki kunataka subira. Bomba la inchi moja likijaa linaweza kushusha zaidi ya lita 3000 kwa saa, wakati pampu yangu inapandisha kama 2000. Ukiacha wazi, kisanduku kinakauka na bomba linaanza kufyonza hewa. Unabana kidogo, unasubiri usawa utulie, unabana tena. Nilisimamisha maji sentimita 3 chini ya meno ya kisanduku, yaani nafasi za juu ambamo maji ya tangi huingilia, na hapo ikafa hata ile kelele ya maporomoko ya kisandukuni, kwa kuwa maji hayana tena kimo cha kuangukia.

Kisha nikafunga koki yote, pampu ikiendelea kufanya kazi. Jaribio hili usiliruke. Maji yalipanda, yakaingia bomba la pili kwa kishindo, tangi halikumwaga hata tone. Bomba hilo halina koki na halitakiwi kuwa nayo, na mwisho wake nimeuacha juu ya maji kwa makusudi: likianza kutumika nataka nyumba nzima isikie.

Kwa nchi yenye umeme wa kukatika, hesabu ya pili ni muhimu kuliko kelele. Pampu ikizima, maji ya juu yanarudi chini kupitia bomba la pampu hadi mdomo wake uvute hewa. Kila sentimita moja kwenye tangi langu ni zaidi ya lita 5. Mdomo huo nimeuweka sentimita 2 tu chini ya usawa, na tangi la kabatini naliachia nafasi ya lita 35 hivi. Valvu ya kuzuia maji kurudi siitegemei. Ikinasa uchafu kidogo tu haifungi. Umeme ukirudi, mabomba yanagugumia dakika moja au mbili mpaka hewa iishe.

Baada ya hapo kilichobaki kusikika kilikuwa mtetemo wa pampu kwenye mbao za kabati. Nilikata ndara kuukuu, nikaweka vipande chini ya pampu, na kipande cha bomba gumu nikakibadilisha kwa mpira laini.

Utelezi unajijenga ndani ya koki, usawa unapanda polepole, nami naifungua kidogo sana. Mara mojamoja naiachia wazi kabisa kwa sekunde chache, uchafu unatoka. Nimeweka alama ya rangi ya kucha kwenye gurudumu ili nijue pa kulirudisha.

Kama kisanduku changu kingekuwa kipana zaidi ningetoboa matundu matatu, mtindo wa BeanAnimal. Humo bomba la katikati linapokea maji machache yanayozidi, kwa hiyo mabadiliko madogo ya pampu yanajisawazisha bila mtu kugusa koki. La tatu ndilo linalobaki kwa dharura. Kwa tangi jipya ndiyo njia ningemshauri mtu, maana tundu la tatu ni rahisi kulitoboa kabla samaki hawajaingia.