Siku moja kwenye chumba cha giza, Moshi

Watu wakisikia nafanya kazi ya ultrasound, swali huwa moja: "Kwa hiyo wewe ndiye unayejua mtoto ni wa kike au wa kiume?" Ndiyo, ni mimi. Ila jana sehemu kubwa ya siku yangu ililiwa na tumbo la mzee mmoja na kidole gumba cha mjukuu wake.

Saa 11:15 alfajiri. Chai, kiporo cha wali, bodaboda kutoka Pasua. Mlima bado uko wazi, theluji ile kidogo iliyobaki inaonekana. Nautazama vizuri, maana nikishaingia chumbani kwangu mapazia hayafunguliwi mpaka jioni.

Saa 1:30. Nawasha mashine. Mpaka saa 4 nimepima wajawazito tisa, figo mbili, ini moja na kijana mwenye busha aliyeona aibu kuliko mimi.

Saa 4:20. Anaingia mzee wa Kibosho, dereva wa malori mstaafu, koti la suti na kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mimi siumwi, nimeletwa tu."

Karatasi ya daktari inasema apimwe mshipa mkuu wa damu, mwaka wa tatu tangu awekewe bomba huko India. Mshipa huo, aota, ukishuka tumboni huwa na upana wa sentimita 2 hivi. Wake ulikuwa umetuna kama puto mpaka 6.2; kwa mwanaume, ukifika 5.5 madaktari huanza kuzungumza habari ya kuutengeneza kabla haujapasuka. Sigara za miaka arobaini barabarani zilichangia, hilo analikiri mwenyewe. Hakupasuliwa tumbo. Walipitia kinena, kulia na kushoto, wakapandisha bomba la kitambaa lenye fremu ya waya, likatanuka ndani ya mshipa. Siku ya tatu alikuwa anatembea kwenye korido. Ndiyo maana hakuna wa kumwambia kwamba bado anahitaji kupimwa.

"Mzee, umekula?"

"Mtori kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Bakuli."

Alishaelezwa aje na njaa. Tumbo lenye mtori lina gesi, na kwenye skrini gesi ni ukungu wa mwezi wa sita: unajua mlima upo, huuoni. Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikakandamiza. Wa kulia. Nikamtembeza korido, nikamrudisha. Jeli ikakauka, nikapaka nyingine. Kifundo cha mkono kikaanza kuuma pale pale kinapoumaga kila siku, na huko nje akina mama wakaanza kugonga mlango kwa adabu, kisha bila adabu.

Mwishowe ukungu ukafunguka. Nikapima mara tatu, ukingo wa nje hadi ukingo wa nje: 5.3. Nikawasha rangi ya kuonyesha damu inakopita. Yote ndani ya bomba, pembeni hakuna kitu.

Vizuri. Ila 5.3 peke yake haisemi lolote. Ule mfuko wa zamani, yaani sehemu ya mshipa iliyotuna, haukuondolewa, umebaki umelizunguka bomba. Ukisinyaa, bomba linafanya kazi. Ukikua, kuna damu inapenya mahali, hata kama mimi siioni leo.

"Ripoti ya mwaka jana iko wapi?"

"Nyumbani. Nilishapona, karatasi ya nini tena?"

Tukampigia mjukuu. Picha ya kwanza ikaja: nyuma ya karatasi. Ya pili: kichwa chini, kivuli cha mgomba juu yake. Ya tatu safi kabisa, maandishi yote yanasomeka, na pale kwenye kipimo: "5." halafu kidole gumba. Nikacheka kwa hasira. 5.0 na 5.8 ni habari mbili tofauti kabisa. Tukapiga tena, simu imezimika chaji.

Umeme nao ukakatika. Katikati ya hapo mtoto wa mzee akapiga kutoka Dar. "Dada, nijibu kitu kimoja tu. Amepona au hajapona? Nimeuza kiwanja mimi."

Unamjibu nini mtu aliyeuza kiwanja? Waingereza walianza utafiti mkubwa mwaka 1999 kulinganisha njia mbili: kuweka bomba na kupasua tumbo. Katika siku 30 za mwanzo, waliofariki baada ya kuwekewa bomba walikuwa chini ya 2 katika kila 100. Waliopasuliwa, zaidi ya 4. Hapo bomba lilishinda wazi. Lakini miaka ilivyokwenda faida ile ikayeyuka, na baada ya mwaka wa 8 waliopasuliwa ndio walikuwa wanafariki kwa uchache. Wenye mabomba walirudishwa hospitali mara nyingi zaidi kurekebishwa, na wengine mfuko ulipasuka. Nikamwambia kwa kifupi: baba amevuka mto, ila apimwe maisha yake yote. Kimya. Kisha akauliza kama bima italipia.

Chakula cha mchana sikula. Jenereta iliwaka, nikapima wajawazito, sikumbuki wangapi, huku mzee amekaa benchi na kofia yake, gari la Kibosho likiondoka na jingine likiondoka. Picha ya nne iliingia jua limeshageuka. Bila kidole.

5.8.

Nusu sentimita pungufu kwa mwaka, na hiyo si tofauti ya mkono wa mpimaji. Nilitoka mwenyewe kumwambia. Akatikisa kichwa tu kama mtu aliyejua tangu asubuhi.

"Si nilikwambia nimepona?"

Nikaandika namba zote tatu kwa kalamu ya wino mzito: 6.2, 5.8, 5.3. Nikaomba simu yake, nikaipiga ripoti picha mimi mwenyewe, vidole mbali.