Kwa Steffi Graf, msituni Grunewald

Nilishuka kituo cha Grunewald saa nne asubuhi, baridi ya mwisho wa Oktoba ikanipiga usoni. Kutoka Alexanderplatz treni ya S7 inaukata mji mzima wa Berlin, halafu majengo yanakwisha ghafla na miti inaanza. Binamu yangu niliyefikia kwake alishanicheka: wenzako wanakuja kuona mabaki ya ukuta, wewe unakwenda kuangalia kiwanja cha tenisi!

Aliyeniponza ni marehemu baba. Mwaka 1988 pale nyumbani Tanga televisheni hatukuwa nayo, ila redio yake ilikuwa inashika Sauti ya Ujerumani, na mwaka ule jina la Steffi Graf, mcheza tenisi wao, halikuwatoka watangazaji mdomoni. Yale mashindano manne makubwa ya tenisi kayatwaa yote: kashinda Melbourne, kashinda Paris, Wimbledon, New York, kisha Oktoba mosi dhahabu ya Olimpiki kule Seoul. Ukiacha tenisi ya viti vya magurudumu, mpaka leo hakuna mwingine, mwanamke wala mwanamume, aliyekusanya yote matano kwa mwaka mmoja katika mchezo wa mmoja mmoja. Fainali ya Paris alimfunga Natasha Zvereva 6-0, 6-0 kwa nusu saa na ushei. Baba alidhani mtangazaji kakosea kusoma.

Njia ya kuingilia klabu ya tenisi ya Rot-Weiss imepewa jina la Gottfried von Cramm, bingwa wa Paris 1934 na 1936, ambaye Wanazi walimtia jela 1938. Uwanja mkubwa wa klabu ndio wenye jina la Steffi. Katika klabu hii, Mei 1986, Steffi akiwa binti wa miaka 16 alimtandika Martina Navratilova kwenye fainali, na mashindano hayo ya Ujerumani akaja kuyatwaa mara tisa.

Mwaka 1990 mpinzani wake Monica Seles alimkatizia mfululizo wa ushindi hapahapa. Miaka mitatu baadaye, huko Hamburg, shabiki wa Graf alimchoma Seles kisu mgongoni katikati ya mechi. Graf hakuhusika hata chembe. Lakini mimi nikiyahesabu mataji yake 22 makubwa, nikifika 1993 huwa nasita.

Geti lilifungwa. Nikazunguka na uzio mpaka penye upenyo. Udongo mwekundu kama wa Lushoto, kumbe ni matofali yaliyosagwa! Mzee mmoja alikuwa na toroli la matofali mazima, akiyapanga moja moja juu ya mistari myeupe. Kwa Kijerumani changu cha kuokoteza nikaambulia kwamba ni uzito, udongo ukiganda isije ikainuka.

Steffi aliacha Agosti 1999, miezi miwili tu baada ya kumfunga Martina Hingis fainali ya Paris, akiwa bado namba tatu duniani. Nikamuuliza mzee kama huwa anakuja.

“Las Vegas,” akanijibu, akainama kuchukua tofali jingine.