wc, amri ya kompyuta ya kuhesabu maneno, imeniokoa na kuhesabu maneno kama mahindi

Jana nimekaa kibarazani kwetu Ngamiani, joto la Tanga mnalijua wenyewe, nina mafaili 14 ya tafsiri na mteja analipa kwa neno, sasa mi nafungua moja moja nacheki idadi naandika kwenye daftari, mpaka mdogo wangu akaniangalia weee akasema dada unajitesa bure. Akafungua terminali, lile dirisha la kuiandikia kompyuta amri, akaandika wc -w *.txt (yaani mafaili yote ya .txt), akapiga enta. Basi! Kila faili na idadi yake, na chini kabisa jumla ya yote. Nikabaki mdomo wazi.

Kumbe hii kitu ipo kwenye Unix, mfumo wa kompyuta wa zamani, tangu 1971, yaani imenizidi umri mbali. -w maneno, -l mistari, -m herufi, -c baiti, vile vipimo vidogo vya ukubwa wa faili.

Ila ina vituko vyake. Faili langu la majina lina mistari 30, yenyewe inaniambia 29, nikajua imeharibika, kumbe -l inahesabu zile enta tu na mstari wa mwisho sikuupigia enta. Halafu andika ng’ombe kwa ile koma ya juu iliyopinda, herufi 7 lakini baiti 9, maana kakoma kale peke yake kanakula baiti 3 kwenye UTF-8, ule mtindo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi! Na faili la Word (.docx) usiipe moja kwa moja, ndani yake ni zip, yaani mafaili yaliyobanwa pamoja, utaletewa namba za ajabu, kwanza ligeuze kuwa maandishi matupu.

Dogo kadai kachori na chai ya rangi. Nimempa, na chatne juu.