Miezi 14 nikila kwa karata, Kigoma

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi Mei 15 mwaka 2024, mimi nilikuwa karani wa mnunuzi wa dagaa pale Kibirizi. Bosi akatuambia tukapumzike miezi mitatu. Bila mshahara, ieleweke. Nilichokuwa nacho ni laptop kuukuu na dola 1,040 kwenye akaunti ya poka, mchezo wa karata wa hela unaochezwa mtandaoni, zilizojikusanya kidogokidogo tangu nikiwa chuo Dar.

Poka si kama zile mashine za sarafu za mtaani. Mashine unashindana na mwenye mashine, naye ameshapiga hesabu zake. Kwenye poka unakula hela ya mchezaji mwenzako. Mwenye meza anakata ushuru tu, kama asilimia 5 ya mzigo wa madau ulio katikati. Kwa hiyo huhitaji kuwa bingwa. Tafuta meza yenye watu wabovu kukuzidi, na wawe wabovu vya kutosha kufidia ule ushuru. Wangu walikuwa Wazungu waliotoka kazini, bia mkononi. Kwao saa mbili usiku, huku saa tatu. Ijumaa ndiyo gulio.

Unapewa karata mbili za siri, kisha mezani zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa mpigo, halafu moja, halafu ya mwisho. Ree mbili, jozi kubwa kuliko zote, utazipata kwa wastani mara moja katika migao 221, kwa hiyo kazi kubwa ya usiku ni kutupa karata. Nilitupa karibu migao minne kwa kila mitano. Watu wanadhani poka ni kupiga mkwara. Kwenye meza ndogo mkwara ni kujichosha: jamaa ana jozi ya nane, anafuata tu, hana hata habari kwamba unamtisha.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Meza nilizocheza unaingia na dola 25. Nilipata faida kama dola 1.25 kwa migao 100. Nikifungua meza nne kwa pamoja, migao inafika 280 kwa saa, yaani dola tatu na nusu. Saa tano kwa kila usiku, usiku 25 kwa mwezi: karibu dola 440. Milioni na ushee, hela ambayo ukarani haujawahi kunipa.

Ila huo ni wastani, na wastani haulipi kodi ya nyumba tarehe moja.

Usiku mmoja wa Novemba, mvua inapiga bati pale Mwanga, umeme umekatika, laptop inakula betri niliyoazima kwenye mtumbwi wa baba mdogo, nikapewa ree ya shupaza na ree ya kopa. Mtu akapandisha dau. Nikapandisha. Akamwaga zote, nikafuata. Akafunua wafalme wawili. Hapo mwenye ree anashinda mara nne kwa tano. Zikaja nne za hovyo, ya mwisho ikaanguka mfalme wa pau: wafalme watatu wanaziua ree mbili. Nilikaa naitazama ile pau mpaka meza nyingine tatu zikaanza kunitupia karata kwa kuchelewa.

Ndani ya siku tisa viingilio 14 vikazama. Dola 350. Asubuhi nilipomrudishia baba mdogo betri yake, akaniuliza mbona macho mekundu. Nikamweleza. Alikuwa anashona nyavu, hakuinua hata kichwa. "Mbalamwezi hiyo," akasema. Mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, vyombo vinakaa ufukweni, na hakuna mvuvi mwenye akili anayeuza injini kwa sababu hiyo. Lakini pia hachomi mafuta kwenda kubahatisha.

Nikashuka meza za dola 10. Niliona aibu kweli, kama mtu aliyerudishwa darasa. Nilikaa huko hadi mwisho wa Januari, na nadhani ndicho kilichoniokoa. Wawili niliowafahamu mtandaoni walipanda juu kurudisha hela zao na sijawaona tena. Kanuni yangu ilibaki moja: mtaji usipungue viingilio 40 vya meza ninayocheza, ukipungua nashuka. Na sikuweka zote tovuti moja, maana kuna moja ilinishikia dola 300 kwa wiki sita bila maelezo.

Julai 2025 nikaacha kuitegemea. Macho, usingizi, na kutoongea na mtu. Nilitoa sehemu ya mtaji nikaanza kununua dagaa mwenyewe, sasa poka nacheza wakati wa mbalamwezi tu.

Mama yuko Ujiji. Mara ya kwanza nilipompelekea laki mbili aliuliza zimetoka wapi, na mama yangu hadanganyiki. "Kamari, mwanangu?" Nikamwambia ni hesabu, mama, ni kama biashara. Akazifunga kwenye kona ya khanga bila kujibu. Kila mwezi alipokea, akashukuru, na jikoni hakuna kilichobadilika.

Nikaenda Idd. Sufuria zilezile, mkeka uleule, wali wa hela yake ya mawese. Uani kulikuwa na choo kipya cha matofali, bati la buluu, malumalu mpaka ukutani.

"Zako zote ziko humo," akasema, akanipa kopo la maji.