Saa Moja Bila Chai

Kamera ya tumbo yenyewe sikuiogopa. Nilichoogopa ni kutapika mbele za watu. Vidonda vilinisumbua tangu Januari, na daktari hapa Kisumu akasema sasa lazima aone kwa macho. Nililala bila kula, asubuhi nikapanda boda kutoka Kondele, dada yangu akanifuata na thamosi.

Sista aliuliza maswali ambayo nusura niyajibu "hapana" yote, basi tu yaishe. Nimewahi kudhurika na ganzi ya meno? Nina kifafa? Natumia dawa za moyo? Hapo nikakumbuka propranololi yangu. Akaandika, akaenda kumwonyesha daktari, maana dawa hiyo hufanya lignokeini, ganzi ya kupuliza kooni, ikawie kutoka mwilini.

"Fungua mdomo, mama. Nikipuliza, shikilia pumzi."

Chungu! Mwarobaini una afadhali. Baada ya dakika mbili hivi koo likapotea kabisa. Nilimeza mate nisijue yamekwenda wapi, nikadhani koo limevimba na hewa imeziba. Sista akanishika mkono: hewa inapita, vuta kwa pua, polepole. Nilipotulia nikamwomba aongeze dawa kidogo. Akakataa. Kila mpulizo una miligramu 10, wanahesabu. Ikizidi kwenye damu masikio hulia, kichwa huzunguka, mtu anaweza hata kushikwa na degedege.

Kamera ilimalizika haraka kuliko foleni ya kulipia.

Kazi ilikuwa saa moja iliyofuata. Nina njaa, thamosi inanukia tangawizi, na dada yangu ananibembeleza: "Onja tu, mdogo wangu." Ulimi ulikuwa umeamka, kwa hiyo nami nikaanza kushawishika. Sista akatukemea kutoka mlangoni. Koo huamka baada ya ulimi, akasema, na likiwa limelala chai ikipotea njia ikaingia mapafuni huenda hata usikohoe. Tena ingekuunguza usijue.

Dada akaona amepata mtaalamu wa bure. Akamuuliza kuhusu jeli ya ganzi ya benzokeini aliyomnunulia mjukuu wake wa miezi minane anayeota meno. Sista aliruka. Mtoto chini ya miaka miwili asipakwe. Inaweza kuzuia damu isibebe oksijeni, midomo ikageuka bluu. Amsugue ufizi kwa kidole safi au kitambaa kilicholowa maji baridi.

Saa ilipotimia niliketi wima, nikajaribu kijiko cha maji baridi. Nikayasikia yakishuka. Cha pili pia. Chai ilikuwa imebaki vuguvugu, nikanywa vikombe viwili.