Kabla ya Kaloleni, nilipitia Bungeni

Nimerudi Kenya mwezi uliopita, baada ya miaka 13 Doha. Kabla sijapanda treni ya Mombasa kwenda kumwamkia mama Kaloleni, Kilifi, nilimwomba dada yangu wa Nairobi anipeleke mahali pamoja tu: Bunge. Akanitazama. "Wenzako wakirudi huuliza nyama choma iko wapi."

Ni kwa sababu ya marehemu baba. Jioni akisikiliza habari za Bunge redioni, hakuchoka kutusimulia habari za Ronald Ngala, mwalimu Mgiriama aliyechaguliwa mwaka 1957 pamoja na Waafrika wenzake saba, akina Tom Mboya na Oginga Odinga, wakaingia Baraza la Kutunga Sheria, yaani Bunge la enzi ya ukoloni. Nilitaka kuuona mlango walioupitia.

Jengo lile hatukujengewa sisi. Baraza lilianza vikao mwaka 1907, na hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Jengo likafunguliwa mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Aprili ya mwaka huohuo wanajeshi waliizingira Nairobi, wakakamata maelfu ya watu na kuwapeleka kizuizini. Nyumba ya kutunga sheria mpya kabisa, na mji wake umefungwa kwa seng'enge!

Msanifu alikuwa Amyas Connell, mzaliwa wa New Zealand, akishirikiana na Thornley Dyer. Connell alikuwa amepata jina Uingereza kwa nyumba nyeupe za zege zisizo na madoido. Bunge la Nairobi, kinyume chake, lina mnara wa saa, na ukiutazama utaikumbuka London tu. Siku hizi karibu nalo umesimama mnara mwingine wa ghorofa 28, uliozinduliwa mwaka 2024. Nilipoondoka haukuwapo. Macho yangu lakini yalibaki kwa ule mfupi.

Juu ya lango kuu kuna maneno ya Kiingereza, maana yake: kwa ustawi wa jamii na utawala wa haki kwa wanadamu. Niliyasoma polepole, mara mbili. Ni maneno mazuri, nayo yamechongwa wakati wenye nchi hawana kura.

Ndani kuna mapambo ya kitambaa yaliyodariziwa na wanawake wa Kizungu wa East African Women's League. Nilisogea hadi nikaona uzi mmoja mmoja ulivyopita: mashamba, maua, maisha ya walowezi. Kazi ya mkono ya subira kubwa. Mama hushona kofia za vito, zile za kudariziwa kwa mkono, kwa hiyo najua kila kipande kiligharimu usiku ngapi. Nafurahi hayakutupwa. Ni sehemu ya historia yetu, hata kama sisi tumo kwa nadra.

Kilichonigusa zaidi nilikikuta roshani ya wageni. Kiswahili kiliruhusiwa Bungeni mwaka 1974 tu, miaka 20 baada ya jengo kufunguliwa. Mbunge mmoja aliinuka: "Hoja ya nidhamu, Bwana Spika!" Akaendelea kwa Kiswahili safi kuhusu maji ya kijijini kwao, na ukumbi ule wote wa Kiingereza ukamsikiliza. Koo lilinikaba.

Jioni nikampigia mama. "Shikamoo mama, nimetoka Bungeni."

"Marahaba mwanangu. Wanasema Kiswahili?"

"Wanasema, mama."

Akanyamaza kidogo. "Baba yako, kikianza Kiswahili tu, alikuwa akiongeza sauti ya redio."